Mdogo Wako Ameitwa Juu

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya gati la boti za starehe.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa wifi yangu,

Kabla sijasema neno lolote nataka kujua magoti yako yanasemaje. Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unapanda ngazi huku unazitukana? Na shemeji je, kifua kimetulia? Nijibu kwa kirefu, maana ukiandika "hatujambo" tu nitajua kuna jambo unanificha.

Sisi huku wazima. Kitinda mimba wangu ameota meno na sasa anang'ata chochote kilicho karibu, hata sikio la baba yake. Huyo baba mwenyewe amenenepa kidogo, na safari hii usisingizie mapishi yangu. Ni furaha, wifi. Kaa vizuri nikusimulie.

Wewe hupenda kumtania huyu mdogo wako kwamba ni dereva wa watu. Kweli yeye ni nahodha wa boti ya tajiri, lakini wageni wakija, anayeonekana kwenye usukani ni tajiri. Anavaa kofia nyeupe, anasimama juu kabisa penye usukani mkubwa wa mbao, na wageni wanampiga picha. Wasichojua ni kwamba boti ile ina usukani wa pili, mdogo, kwenye kibanda cha chini upande wa nyuma. Wakati wa kuingia gatini, mdogo wako anabonyeza swichi, ule wa juu unabaki pambo, na yeye anaiingiza boti kutoka chini. Juu watu wanapiga makofi. Kisha tajiri anashuka na kusema, "Leo upepo ulikuwa mkali." Mdogo wako anajibu, "Umeumudu, bosi." Miaka yote hiyo hakuna aliyelitaja jambo hilo, hata wakiwa wawili peke yao.

Mimi lilikuwa linanikereketa. Nikimwambia kazi ni yake na sifa ni za mwingine, anacheka. Mwenye nguvu mpishe, ananiambia, na anaomba chai.

Basi juzi juzi binti wa tajiri amerudi kutoka masomoni. Ni msichana mkubwa, haongei sana, ila macho yake hayapitwi na kitu. Siku ya kutoka na wageni akamwambia baba yake mbele ya wote, "Baba, leo nataka niiingize mimi. Wewe simama nyuma yangu unifundishe."

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma! Gati lenyewe jembamba, na boti za watu zimebanana kama viatu mlangoni siku ya harusi.

Mdogo wako alikuwa chini, kidole kiko kwenye swichi, anasikia yote. Akibonyeza, binti atashika usukani usiofanya kazi, na atajua palepale. Asipobonyeza, baba na mwana wataikwaruza boti ya jirani, na boti ikikwaruzwa, wifi, anayefukuzwa si mwenye boti. Halafu tajiri akishaumbuka mbele ya wageni wake, atapenda kweli kuiona sura ya nahodha anayeijua siri ile? Nyumba hii tunayokaa ni ya kazi. Kazi ikienda, nasi tunafunga virago.

Hakubonyeza. Alitulia pale chini akimwachia tajiri mwenyewe aamue. Ndipo akasikia tajiri akiita, "Nahodha! Njoo huku juu." Wageni wakadhani anaitwa kuhudumia, na mmoja akamwagiza barafu.

Akapanda na grisi yake mikononi. Tajiri akamshika bega, akamwambia binti, "Mwanangu, mimi siwezi kukufundisha. Sijawahi kuiingiza hata siku moja. Siku zote ni huyu. Muombe yeye."

Hebu fikiria, mbele ya wageni wote na glasi zao mkononi! Yule mzee nimemsema sana, wewe ni shahidi, lakini siku ile alisema jambo ambalo wengi wangekufa nalo.

Mdogo wako wala hakujitapa. Alimwachia binti usukani, akasimama nyuma yake, akamwelekeza polepole, "ngoja, ngoja, sasa," mpaka boti ikakaa mahali pake bila kumgusa jirani. Kisha akashuka kufunga kamba kama kawaida.

Kesho yake tajiri hakuonekana gatini, na keshokutwa yake vilevile. Mimi nilishaanza kupanga kichwani sufuria ipi tutabeba na ipi tutagawa.

Siku iliyofuata nikasikia hodi nikiwa nafua nepi. Ni tajiri, peke yake, bila kofia. Viti vyote vilikuwa na nguo, nikampa kigoda. Akakaa, magoti yamefika kidevuni, akasema, "Mama, nimekuja kumuomba mumeo anifundishe na mimi. Ila usiache anionee haya. Nianze na kamba, kama alivyoanza yeye."

Jana nikambeba mtoto nikaenda kutazama. Boti inaingia, binti yuko kwenye usukani, mdogo wako kando yake, huko juu juani ambako kila mtu anamwona. Tajiri yuko nyuma, miguu peku, na kamba. Akairusha, ikatumbukia majini. Matajiri wenzake wamejaa gatini wanatazama. Mdogo wako akapaza sauti, "Bosi, rudia!" Na mzee akaivuta kamba ikichuruzika maji, akajibu kwa sauti ileile, "Sawa, nahodha!"

Nilitokwa na machozi mbele za watu na sikuona aibu. Nimekuandikia upesi kwa sababu wewe ndiye uliyemlea baada ya mama yenu kuondoka, na ilistahili ulisikie neno lile kabla ya mtu mwingine.

Nisalimie shemeji, mama mkubwa, mapacha na yule fundi cherehani mjomba wa watu wote. Mola awazidishie afya na riziki, na awaepushe na kila la kuwasumbua.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Mke wa Nahodha.