Betri Juu ya Bati

Lidia, upo? Nimejificha nyuma ya nyumba nikuandikie.

Leo nimemletea mama redio ya sola. Akaitazama tu, akaendelea kuanika betri zake zilizokwisha juu ya bati, kama enzi zile za ukimbizi kule Katumba. Nikacheka kama mjinga. "Mama, hayo yalishapitwa na wakati!"

Ndipo akasema. Mwaka tisini na tatu, vita imewaka kwao Burundi, redio inasoma orodha ya vilima, ndivyo vijiji vya kwao, vilivyochomwa. Betri zikafa katikati. Akakimbia kuzianika. Zilipopata nguvu kidogo, akakuta muziki.

Muziki, Lidia!

Kilima chao hakukisikia. Mdogo wake Immaculata alikuwa huko.

Nikamuuliza, sasa betri hizi za nini?

"Labda hawajamaliza kusoma."