Sauti Nne za Wimbo wa Mavuno

Mwaka umetimia, Babu Ilfrène Desrameaux, tangu ulipolala usiamke, na mji wetu wa Jérémie, hapa Haiti, bado unaimba nyimbo zako.

Ulikuwa fundi viatu siku sita na mtunzi wa nyimbo za ibada siku zote saba. Hukuandika noti hata moja. Kila sauti uliifundisha peke yake: soprano uani kwa dada Yolène, huku akikaanga mikate ya muhogo, besi kwenye karakana ya maseremala. Zilikutana Jumapili tu, kanisani.

“Mkisikilizana mapema mtaigana kama kasuku,” ulisema.

“Na ukifa je, mzee?” Bibi alikuuliza. “Tuuokote wimbo barabarani?”

Ulicheka, ukaomba kahawa nyingine.

Ukafa kweli, wiki moja kabla ya Jumapili ya mavuno, na wimbo mpya ukabaki vipande vipande. Soprano, alto na besi tulikuwa nazo. Teno ulimfundisha Mérilus peke yake, naye aliisusa kwaya siku ya maziko yako, kisa amenyimwa kukuimbia peke yake na wenzake wakamcheka, akahamia mji wa Les Cayes kufungua duka la kinyozi. Bila yeye, wimbo ungezikwa nawe.

Mwezi uliopita Bibi alipanda lori, akamfuata.

“Sirudi, Mama Clermise. Walinicheka.”

“Nani kakwambia urudi? Imba tu, niisikie.”

“Hapa? Mbele ya wateja?”

“Wateja nao wana roho.”

Akaimba, wembe mkononi, mteja akingoja na povu shavuni. Ubeti wa pili akanyamaza.

“Siwezi, Mama. Mzee aliniwekea sauti ya kuegemea besi. Peke yangu naanguka.”

“Besi iko Jérémie,” Bibi akamjibu. “Lori linaondoka saa nane. Mmalizie huyo ndevu zake.”

Jumapili iliyopita Mérilus alisimama kati ya maseremala, na sauti zako nne zikakutana. Kanisa zima lilisimama. Babu, mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuusikia wimbo ule wote ila wewe.

Unakumbukwa na mkeo Clermise, wanao Odilon na Philomise, wajukuu zako wakiongozwa na Nadège, ambaye sasa ameziandika noti zote, na kwaya yako nzima, teno akiwemo.

Tukiimba, tutakukumbuka, na kuimba hatutaacha.