Gari Lililofundishwa Kutembea na Wafiwa

Nyumba ya Frempomaa,
Tafo, Kumasi.
9 Februari 2017

Mpendwa mpwa wangu Yaw Boahen,

Salamu hizi zikukute nyumbani kwako Hamburg karibu na moto, maana nasikia baridi ya huko mwezi huu haimwonei mtu haya. Kifua chako kinaendeleaje? Na mke wako Pokuaa, ameshapona mkono? Sisi tunakohoa vumbi la jangwani kama kila mwaka. Goti langu la kushoto linatabiri mvua ambazo haziji, lakini nikilifokea linatii, na bado ninatembea hadi sokoni na kurudi.

Mama yako hajambo. Anakula, analala, na ameanza tena kugombana na muuza samaki. Nalitaja hili la muuza samaki kwa makusudi, kwa sababu kwa majuma kadhaa hakugombana na mtu yeyote, na hilo lilinitia hofu kuliko lile la gari.

Najua unangoja habari za gari. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Siku ulipopewa taarifa kwamba gari limegoma mlimani, mama yako alikuwa amekufungulia spika, uani, majirani wamekaa wanachambua karanga. Sauti yako ikasikika na kila mtu: "Huyo dereva amelifanya teksi ya kwenda Accra! Mwondoe leo hii." Atta, dereva mwenyewe, alikuwa amesimama pale pale na ndoo ya maji. Akaitua ndoo, akauweka ufunguo juu ya meza ndogo ya varandani, akasema, "Mama, ahsante kwa chakula chote," akaenda zake. Mama yako hakutamka neno. Ukimya ule usiusahau, nitaurudia.

Gari tulilivuta kwa kamba hadi Magazini, mtaa wa mafundi kule Suame, kwa Fundi Asiamah. Huyu si mtu wa kujishusha. Anavaa shati jeupe katikati ya oili na pete katika vidole viwili vya mwanzo, na anakungojesha kama chifu.

"Mwalimu, limefia wapi?"

"Mlimani, karibu na makaburi."

"Injini inanguruma?"

"Vizuri sana. Ila haliendi."

"Basi moyo mzima, miguu ndiyo imekufa. Lisukumeni ndani."

Nikamwambia kwamba kitabu cha gari kinasema oili ya giaboksi hii haibadilishwi maisha yake yote. Akawageukia mafundi wake, wakacheka kabla hajasema lolote, maana nadhani wameshausikia mzaha huo.

"Maisha yote, ndiyo, Mwalimu. Maisha ya karatasi ya dhamana!"

Sasa niruhusu nikueleze nilichokiona, kwa kuwa nimeyafundisha mambo ya nguvu na mwendo tangu kabla hujazaliwa, na bado nilivua kofia. Gari la gia za mkono linaeleweka na mtoto: meno yanakutana na meno. Hili lako halina mkono wa mtu. Fundi alipoifungua giaboksi, akanionyesha gurudumu dogo la meno katikati, nalo wanaliita jua. Pembeni yake vimagurudumu vinavyolizunguka, wanaviita sayari. Nje yake pete kubwa inayozikumbatia zote. Ukilizuia jua, sayari zinaikokota pete kwa mwendo mmoja. Ukiizuia pete, sayari zinatembea kwa mwendo mwingine. Hakuna jino linalotoka wala linaloingia, ni kushika na kuachia tu, kushika na kuachia, na hapo zinapatikana gia zote mpaka ya kurudi nyuma.

Yaw, nimechora jua na sayari ubaoni miaka yangu yote ya kazi, kwa chaki. Siku ile niliweka jua kiganjani, lina mafuta, nikalizungusha kwa kidole gumba na sayari zikaamka zikazunguka bila sauti. Nikalizungusha tena.

Kinachoshika na kuachia ni pleti za klachi, nyembamba kama sahani za kitoto, zimepangwa moja juu ya nyingine. Kinachozibana ni oili. Na kinachoiambia oili iende wapi ni bamba la alumini lililochimbwa vijia, vinapinda, vinarudi, vinapita juu ya vyenzake, kama kichuguu kilichopasuliwa katikati. Nililiinua kwenye mwanga nikaona kila kijia kina sababu yake. Hakuna kilichochimbwa kwa bahati mbaya. Nikajiuliza ni akili ya nani iliyokaa kimya ikawaza hivi, na sisi tukawa tunakalia kiti cha ngozi juu yake tukilalamikia kiyoyozi.

Fundi alipoanza kuzitoa pleti, harufu ilijaa kibandani, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Akazipanga chini juu ya gazeti. Za gia ya kwanza zilikuwa makaa. Za gia za juu, mpwa wangu, zilikuwa safi kana kwamba zimetoka sandukuni jana.

"Mwalimu, dereva wa teksi ya Accra angechakaza zipi?" akaniuliza.

"Zote. Na hizi za juu zisingesalia hivi."

"Hizi hazijawahi kuonja barabara kuu. Gari hili limekwenda kwa miguu. Nani kafa kwenu?"

"Wengi."

Akapiga paja lake kwa kicheko. "Ninyi ndio wateja wangu wenyewe! Jumamosi mnazika, Jumatatu mnaniletea maiti nyingine!"

Nilielewa hapo hapo, na wewe utaelewa, maana umezaliwa hapa. Mtu akifiwa Tafo, hubisha hodi kwa mama yako. Gari la Yaw limkalishe mjane. Gari la Yaw liwafuate wabeba jeneza. Na wabeba jeneza wetu unawajua: hatua mbili mbele, moja nyuma, marehemu amekataa kupita njia hii, wabembelezaji waje, ngoma zipigwe upya. Nyuma yao gari linajikokota juani, injini inasukuma, breki inazuia, na oili katikati inasagwa na kuchemka. Gari hilo lilibuniwa kwa barabara zenu hizo za kukimbia, ambako upepo wenyewe unalipoza. Sisi tukalifundisha mwendo wa wafiwa. Lilijifunza, likatii, mpaka likaungua.

Nikaomba pleti moja iliyoungua, nikairudisha nyumbani ndani ya leso. Nikaiweka mbele ya mama yako. Akaiinua, akainusa, akafumba macho.

"Kaka, hii ni siku ya kumzika Mzee Tabi."

Akanisimulia yote. Siku hiyo jeneza liligoma kwenye njia panda, jua likiwa utosini, na mjane alikuwa na shinikizo la damu. Atta aligeuka akamwambia, "Mama, gari linanuka, tulipumzishe." Mama yako akamjibu, "Maiti haiharakishwi, na mfiwa hashushwi njiani. Endesha." Akaendelea kunitajia wengine, mmoja mmoja, huku akiigeuza pleti mkononi kama tasbihi: yule mwalimu wa kwaya, yule binti aliyefia uzazini, baba wa muuza mikate. Nilimwacha amalize.

"Kwa nini hukumwambia Yaw siku ile?" nikamuuliza.

"Mwanangu alinipa gari ili nikae kama malkia. Ningemwambiaje kwamba nimelifanya punda wa makaburini?"

Na Atta? Atta alijua yote hayo. Alisimama na ndoo yake, akasikia akishtakiwa kulifanya gari teksi mbele ya mtaa mzima, na neno moja tu lingemwokoa, lakini neno hilo lingemwaibisha mama yako. Hakulisema. Nimestaajabia kazi ya vyuma kwa kurasa nzima, lakini sina mchoro wa kueleza jambo hili.

Kesho yake kabla ya jua mama yako aliponda viazi vikuu kwa mawese, akapanga mayai juu, chakula cha mtu ambaye roho yake imetikiswa, akanigongea mlango nimsindikize, maana hakuna mtu anayekwenda kuomba radhi peke yake. Mke wa Atta ndiye aliyetupokea, na ulimi wake hauna kutu.

"Karibuni. Leo teksi ya Accra haipo? Mmekuja kwa miguu?"

"Nimekuja kwa miguu, mwanangu," mama yako akajibu. "Ndivyo nilivyolifundisha gari."

Yule mke alitaka kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Atta akatoka na fulana yake ya ndani. Mama yako alisema yaliyompasa kusema, yote, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Atta akala.

Kuhusu gharama, usiwe na wasiwasi, ingawa bei ya pleti, bamba na kile kibuyu cha chuma kinachounganisha injini na giaboksi ingekujengea vyumba. Mkuu wa ukoo alipopata habari alisema gari hili limewasindikiza wafu wa watu bila kuuliza ni wa ukoo gani, basi nalo lichangiwe. Meza ikawekwa uani siku ya Jumamosi, mtangazaji akashika kipaza sauti, na jina la kila mtoaji likatajwa kama ilivyo ada mazishini. Palizuka ubishi kama watu wavae nyeusi. Mama yako akaukata: "Mkivaa nyeusi, fundi atadhani tumekata tamaa." Walikuja wajane, walikuja watoto wa marehemu, na muuza samaki naye akaja. Sitakutajia kiasi. Hutaombwa hata sarafu moja ya pesewa.

Jumatano Fundi Asiamah alinipandisha ndani ya gari, tukaupanda mlima ule ule wa makaburini. Nilitega sikio na mgongo wangu wote nizipate gia zikibadilika. Sikuzipata. Nilijua tu kwamba chini ya miguu yangu jua linashikwa na kuachiwa, sayari zinageuka, na sisi tunapanda. "Mwalimu, mbona umenyamaza, unaumwa?" akaniuliza. Nikamwambia asiseme chochote mpaka tufike juu.

Sasa gari limesimama chini ya turubai, zima kabisa, na hakuna anayeliendesha. Ufunguo mama yako ameurudisha juu ya meza ya varandani, mahali pale pale Atta alipouweka, na anayefuta vumbi anafuta kuuzunguka. Tulimsihi Atta auchukue. Alitujibu kwa heshima zote: "Mama, wewe hukunifukuza. Aliyenifukuza yuko mbali, na uani kila mtu alisikia sauti yake. Sauti hiyo hiyo initafute." 

Barua hii anakuletea binamu yako Pinaman, pamoja na ile pleti. Akisumbuliwa uwanja wa ndege, aseme ni kumbukumbu ya familia, na hatakuwa amedanganya. Inuse kabla hujashika simu. Halafu mwambie mama yako afungue spika, na uchague saa ya kuchambua karanga.

Nisalimie Pokuaa, umwambie mkono uliovunjika haubebi ndoo mpaka daktari aseme. Nisalimie Kwadwo mdogo, na shemeji yako Dankwa kama bado anasoma huko usiku. Mama yako anakusalimu, na huku ananisimamia begani akidai kwamba nimeandika mengi mno kuhusu sayari na machache kuhusu wewe kuvaa soksi nzito. Mungu akulinde mwilini na katika ulimi wako, akupe siku nyingi, na akurudishe nyumbani ukiwa na afya ili nikupeleke Magazini ukaone mwenyewe.

Ni mimi, mjomba wako akupendaye bila kupungua,

Osei Dwumfour

N.B. Namba ya Atta ni ile ile. Mke wake ameniambia kwa siri kwamba siku hizi mumewe anaingia na simu mpaka bafuni.