Hansa, Ulifika Mtae Bila Mimi

Hansa,

Kwamba nimekukumbuka unajua. Leo nakuandikia kwa sababu nina wivu na wewe, na sina mtu wa kumwambia. Nikisema namwonea wivu marehemu watanishika paji la uso waone kama nina homa.

Ilianza siku ya tatu ya msiba wako. Nilikuja kwenu Kisutu asubuhi, nikakaa chini kwenye yale mashuka meupe pamoja na wanawake wa kwenu. Puja, yule binti wa kaka yake mumeo, anayefanya kazi ofisini Posta, akaja kukaa karibu yangu. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Akatoa simu, akasema, "Anti Zena, ngoja nikuonyeshe Kaki alivyokuwa na furaha." Kaki ndivyo alivyokuita siku zote, mke wa baba yake mdogo.

Nikatazama. Ulikuwa umesimama kando ya pikipiki yako nyekundu, helmeti mkononi, nywele zimelowa ukungu. Nyuma yako mlima umekatika ghafla, na chini kabisa ni tambarare haina mwisho.

"Hapa wapi?"

"Mtae, Anti. Tulienda mwezi wa tisa. Hakukwambia?"

Mwezi wa tisa uliniambia unaenda harusini Moshi. Uliporudi nilikuuliza bibi harusi alipendezaje, ukanieleza mpaka rangi ya bangili zake. Hansa! Bangili zenyewe hazikuwepo.

Nilikuwa nimekuja kukulilia. Tangu pale nikawa nalia kwa hasira, na wanawake wa kwenu wakanipa maji wakidhani ni uchungu.

Unisamehe, lakini nitasema. Safari ile ilikuwa yetu. Mimi ndiye niliyekuja dukani kwenu Kariakoo kununua sponji na ngozi ya bandia, ukaniuliza kama kweli mwanamke anashona siti za pikipiki, na kama najua kuziendesha. Jumapili ngapi tulienda pamoja Jangwani, wewe unaanguka, vijana wanapiga makofi, unainuka unawaambia, "Chekeni, mtanikuta Lushoto"? Siti yako niliipunguza sponji kwa mikono yangu ili miguu yako mifupi ifike chini. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Soni, Lushoto, Lukozi, Mtae. Vituo vyote hivyo tulivitaja tukinywa chai nyuma ya kaunta mpaka mumeo akatuzuia kuvitaja mbele ya wateja.

Najua utasema nini. Mwaka wa kwanza mama aliumwa goti. Uliofuata Ramadhani ilituingilia. Halafu nikapata kazi ya viti vya ukumbi. "Mwakani, Hansa." Nilisema hivyo miaka saba.

Januari ukaanguka dukani mchana, ukiwa umeshika mkasi, na hukuamka tena.

Pikipiki yako shemeji akampa Puja. Hakuniuliza, na kwa nini aniulize? Mwezi wa tano akaja nayo gereji kwangu, mtaani Gerezani, mvua ya masika imetulia kidogo. Nilipousikia mlio wake kabla haijakata kona, moyo wangu ulikuita. Akashuka mtoto mrefu, kavaa buti mpya.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba."

Alitaka siti iinuliwe kwa sababu magoti yalikuwa yanamgusa usukani. Ikabidi nichane kitambaa nilichokushonea wewe. Nilichana polepole, uzi mmoja mmoja, naye anaongea tu. Jumamosi anaenda Mtae peke yake, kukuaga. Anaijua kona uliyopigia picha. Anakijua kibanda mlichokunywa chai ya tangawizi. Mimi sijui hata kimoja.

Kisha akauliza, "Anti, huko juu njia ikoje siku hizi? Wewe unaonana na madereva wa huko."

Ninaonana nao kweli. Asubuhi ileile dereva mmoja Msambaa, anayeleta kabichi sokoni kwa fuso, alikuja nimshonee siti, akaniambia kwamba kupita Lukozi udongo umeporomoka kwenye kona mbili. Alisema tope la kule linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na siku mbili nyuma pikipiki ilimponyoka mtu ikatumbukia bondeni, mwenyewe akabaki ameshika majani.

Nikamjibu Puja, "Nzuri tu. Wewe nenda."

Ndivyo nilivyosema, Hansa. Sikutaka afe, Mungu anajua. Nilitaka akwame. Nilitaka arudi kachafuka, kashindwa, asifike mara ya pili mahali ambapo mimi sijafika hata mara moja.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri nilikaa kwenye mkeka nikashindwa kuomba dua. Nilipokuwa nataka kukutaja wewe, ulimi ulikuwa mzito. Nikampigia Puja. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, mara nane. Nikavaa dera juu ya suruali, nikalifunga kiunoni, nikawasha pikipiki yangu.

Unajua mimi sijawahi kuvuka Mbezi. Ubungo nikapita, Mbezi nikapita, Kibaha nikayakuta malori yamepanga foleni ya mizani. Kila lori likinipita upepo unanisukuma kando, na mimi nasoma kila sura ya Kurani niliyofundishwa utotoni. Mikono ilikufa ganzi. Mahali fulani mbele ya Mlandizi nikagundua kwamba nimeacha kuogopa barabara. Nilikuwa naogopa kuchelewa tu.

Nilimkuta Chalinze, kwenye mgahawa wa kando ya barabara, anakunywa chai na chapati. Aliponiona akasimama akicheka. "Anti! Unakuja na mimi?"

Nikamwambia yote nimesimama, hata helmeti sijavua. Udongo, kona, mtu aliyeshika majani. Na kwamba nilijua tangu Alhamisi aliponiuliza.

Kicheko kikafutika usoni mwake. "Kwa hiyo ulitaka nianguke?"

"Nilitaka ukwame."

"Tofauti yake nini, Anti, mlimani?"

Akakaa. Baadaye, bila kunitazama, akasema, "Unajua kwa nini Kaki alinichukua mimi? Alisema, 'Zena hatakwenda kamwe. Nimemsubiri mpaka nimechoka, na simwambii maana atalia.'"

Hapo nililia, kwa hiyo ulikuwa sahihi. Lakini ungeniambia, Hansa. Ungekuja gereji ukanifokea mbele za watu, "Zena, Ijumaa naondoka, uje usije." Labda ningekuja. Labda nisingekuja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya picha.

Tulirudi mjini siku ileile, yeye mbele mimi nyuma. Wiki tatu hakupokea simu zangu. Nilimwandikia ujumbe wa kuomba radhi, akausoma akanyamaza. Sikumlaumu.

Wiki iliyopita akaja mwenyewe. Akakaa kwenye benchi langu, akaniangalia ninavyofunga siti ya mteja, halafu akasema, "Mvua zimekwisha. Nimeomba likizo. Lakini mimi ndiye ninayetangulia, na ukinidanganya tena kitu chochote, hata saa ya kuondoka, nakuacha hukohuko."

Nikasema sawa. Nimeshabadilisha tairi zote mbili na nimefunga kazi mpaka wiki ijayo. Tunaondoka keshokutwa.

Usidhani nimekusamehe. Atanionyesha kile kibanda cha chai na nitakunywa nikiwa nimenuna, maana atasema "Kaki alikaa hapa," na nitatamani kumziba mdomo. Nampenda yule mtoto siku hizi, na bado namwonea wivu, vyote viwili mara moja. Na wewe pia.

Kwenu maiti huchomwa, hakuna kaburi ambalo ningekuja kukaa kando yake tukaongea, ndiyo maana imenibidi niandike. Pumzika, rafiki yangu. Umenichosha na nimekupenda.

Jambo moja tu nakuahidi. Puja ameniambia kwamba Mtae mlilala usiku mmoja, kwa sababu ulikuwa unawahi kurudi dukani. Mimi nitalala siku mbili.

Zena