Mulamu, Leo Nimekubali Mstari Wao

Mpendwa mulamu wangu Kalenga,

Huko uliko sidhani kama umeme unakatika, kwa hiyo huna kisingizio cha kutonisoma. Hapa Katuba umeme umerudi mchana wa leo, nami tangu hapo nimekaa kwenye meza ya dada yako mbele ya kompyuta yako, nikifanya kazi iliyokuwa yako. Mikono yangu unaijua. Dada yako anasema naandika kama kuku anayedonoa mchele, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nakubaliana naye.

Siku hizi nikiwaeleza watu tulichokuwa tunafanya, hawanielewi. Nawaambia: kuna watu wa mbali, hatujawahi kuwaona, waliotengeneza programu ya kutunza dawa za vituo vya afya, wakaiacha wazi, anayetaka aichukue na aibadilishe. Kalenga aliichukua, akafanya nakala yetu ya hapa Katanga. Lakini wenyewe hawakulala. Waliendelea kurekebisha ya kwao, nasi ilibidi tuvute marekebisho yao na kuyaingiza katika ya kwetu, la sivyo nakala mbili zingeachana mpaka zisijuane tena. Hiyo ilikuwa Jumamosi yako: ugali wa bukari na mboga ya lengalenga pembeni, mkono mmoja unakula, mwingine unasawazisha.

Shida ilikuwa maneno yako. Fundi mwenye akili timamu angeweka tafsiri kwenye faili la peke yake. Wewe uliyapachika ndani ya programu yenyewe, mstari kwa mstari, kila palipokuwa na Kifaransa chao. Hata mimi, nisiyejua kitu, nilikuuliza kama hiyo inaruhusiwa, ukanijibu:

"Mulamu, banurse ba Kasomeno banasemaka 'produit périmé' na nani? Uache bacheke kidogo!"

Wakacheka kweli. Dawa ikipitwa na muda, hiyo 'produit périmé' yao, mashine haikuongea kama mkuu wa shule. Ilisema: "Mama, hii dawa ilisha kufa. Usimupe muntu, hata akupigie magoti." Wauguzi wa kituo cha Kasomeno waliitana waje kusoma. Ila kila marekebisho ya mbali yalipofika yaligongana na mistari yako, nawe uliyapanga upya kwa mkono, ukiimba na kutukana kidogo. Nilipokuambia kwamba unajitafutia kazi, ulilamba vidole ukasema, "Tant que niko, haiko problème."

Ndivyo ilivyokuwa, Kalenga. Tatizo halikuwapo, maadamu wewe ulikuwapo.

Kilio kilipokwisha, wazee wenu walikaa kuamua nani akupyane: nani achukue jina lako, nani amwangalie mjane na watoto. Kila kitu kilipata mtu. Programu hakuna aliyeitaja. Najua mulamu hapyani, ni mtu wa ukoo mwingine, lakini kompyuta ilikuwa imebaki kwangu, basi nikairithi kimya kimya kama mwizi.

Nikawa siigusi. Ukitaka kusawazisha, inakuonyesha kila mgongano hivi: juu mstari wako, chini mstari wao, halafu inasubiri useme upi ubaki. Niliifungua, nikakuona hapo juu, nikaifunga.

Mpaka juzi Mama Odile, muuguzi wa Kasomeno, aliponipigia simu.

"Papa, machine iko natudanganya. Sirop ya batoto ilisha kufa, yeye anasema iko muzima. Njo nilisoma mwenyewe ku boîte."

Nikaliamini boksi la dawa, nikaifungua tena kompyuta kutazama. Wale wa mbali waliliona kosa hilo na wamekwisha kulirekebisha. Ni nakala yetu tu iliyobaki nyuma, mimi nikiona nakutunza, kumbe watoto walikuwa wakikaribia kunyweshwa dawa mbovu.

Leo nimeyavuta marekebisho yao. Mistari yako mingi nimeiokoa, kwa jasho, na programu ilinitukana kwa kila nukta niliyosahau. Lakini ukurasa wa dawa iliyokufa wameujenga upya kabisa. Hauna sentensi tena. Una kisanduku chekundu chenye neno moja: 'Périmé'. Nikaingiza sentensi yako, kisanduku kikaikata: "Mama, hii dawa". Nikafupisha: "Ilisha kufa." Dada yako alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ile haiko Kalenga," akasema. "Kalenga hata ku confession hakuwezaka kusema maneno mbili tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniwekea mkono begani.

"Ukubali ya bale bengine, papa. Batoto banakunywaka ile dawa."

Akaenda uani. Nikachagua mstari wao.

Jioni nikampigia Mama Odile ajaribu. Akasema iko bien, inakuwa rouge. Kisha akauliza, "Na ule mwenye alikuwaka anasema na siye mule ndani? Mulimufukuza?"

Sikuwa nimemwambia. Kwake hukuwahi kuwa mtu wa kuweza kufa. Ulikuwa sauti ya mashine yao. Nikamwambia kwamba uliitwa Kalenga, kwamba ulikuwa mulamu wangu, kwamba tulikuzika. Akaweka simu mezani bila kuikata. Nikamsikia akiwaita wenzake kwa majina, mmoja mmoja, halafu wakaanza kukulilia, kwa sauti ya juu, kama inavyotakiwa, wanawake ambao hawakuiona sura yako hata siku moja. Sikuthubutu kukata. Nilikaa nikisikiliza mpaka salio lilipoisha.

Najua Jumamosi nyingine watabadilisha ukurasa mwingine, nawe utapungua tena. Nitabishana nao kadiri ninavyoweza. Wewe pumzika, mulamu.

Ni mimi,
mume wa dada yako