Mawakili Wawili na Fungu la Wanja

Kapsoya,
Eldoret.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa dada Wanja,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, pamoja na ukungu, kwa maana leo umejaa hadi mlangoni na kama ungeingia kwenye bahasha ningekufungia kidogo. Hujambo? Mgongo ulioumia kwa kuwainua wale wazee unaowatunza umepata nafuu? Na huko Kanada jua limekumbuka kazi yake? Sisi tu wazima. Mama anakohoa asubuhi, lakini ukimtaja daktari anakwambia ni vumbi, ingawa mvua imenyesha wiki nzima.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu zipo. Kuna karatasi zinazotaka sahihi yako ya wino, na niliona aibu kuzituma peke yake bila neno la dada. Tena nikiandika ninaweza kuota kidogo bila mtu kuniuliza, "Hello, uko?"

Bado nafuma sweta za shule. Mashine ikianza kwenda huku na huku, mimi siko dukani tena. Niko shambani Moi's Bridge, tunakimbizana mimi na wewe katikati ya mahindi, na Baba anatuita kwa mluzi. Mteja huuliza bei mara mbili ndipo nirudi mjini.

Sasa nikueleze ya shamba. Tangu Baba atuache, hati bado iko kwa jina lake, na bila korti hatuwezi kugawana kitu. Kaka yetu Wahome ndiye aliyetutafutia wakili wa kwanza. Jina lake sitaliandika, maana karatasi hii inasafiri. Ofisi yake, dada, ni ya kuota! Unaketi kwenye kiti unazama hadi kidevu, na mbele yako kuna samaki wa rangi wanaoogelea ndani ya kioo. Tuliwatazama samaki wale kwa miezi. Kulikuwa na mmoja mweusi, mnene, mvivu, nikampa jina la mjomba wetu unayemjua. Wakili mwenyewe hatukumwona. Tulimwona karani wake, Austine, aliyekuwa na jibu moja tu: "Wakili ako kortini, Mama, lakini file yenu inasonga." Siku moja wakili alikuwa kortini huku tunamsikia akicheka nyuma ya mlango.

Alipotuita hatimaye, alikuwa mkarimu, akatuagizia chai. Kisha akamwambia Mama, "Hapa tuandike wewe na Wahome tu. Hawa wasichana, mmoja ameolewa, mwingine ako majuu. Tukiwaweka italeta delay." Wahome akaitikia kwa kichwa. Nami nilikuwa nimeketi hapo hapo na kikombe mkononi, nikajiona nimefutwa kama maandishi ya ubaoni. Niliumia sana, Wanja.

Mama aliweka chai yake chini bila kuionja. "Na huyu ameketi hapa na mimi ni nani? Ni mgeni?" Akachukua kibeti chake, akashuka ngazi, mimi nyuma yake. Kurudishiwa faili letu kulikuwa vita vingine ambavyo sitaki hata kuvikumbuka.

Mama Jepchumba, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, ndiye aliyetupeleka kwa Wakili Chepkorir. Ofisi yake iko juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe hupanda hadi mezani pake. Samaki hakuna. Usidhani ni malaika. Hasira zake ziko karibu, na siku moja alitusahau kwenye benchi mpaka njaa ikatushika. Lakini alikuja kutuomba msamaha yeye mwenyewe, hakumtuma mtu. Swali lake la kwanza kwa Mama lilikuwa watoto wake wote ni nani, na nani hayuko. Mama akakutaja wewe kabla yetu sisi wengine. Jumamosi iliyofuata mwanamke yule akavaa gambuti, akaja shambani, akazunguka mipaka yote na Mama wakipiga gumzo. Akatuambia wazi hata yale yanayoweza kwenda kombo.

Siku hizi kesi husikizwa kwenye simu. Mama hakutaka mchezo. Alivaa gauni la kanisani na kitambaa cha Woman's Guild, akapaka viatu rangi ingawa hakimu angeona kichwa tu. Tukamketisha kando ya tangi la maji, mahali pekee ambapo mtandao haupotei, na simu nikaiegemeza kwenye mtungi wa maziwa. Ng'ombe akalia. Hakimu akasema, "Mama, zima maiki." Nikaizima, nikicheka chini chini.

Kicheko kiliniisha hakimu alipouliza mbona sahihi ya Wanja haipo. Wahome alikuwa Nairobi, yuko kwenye simu yake, akawahi kujibu: "Mheshimiwa, huyo alienda majuu. Hata kwa mazishi ya mzee hakukuja. Hana haja na shamba."

Najua neno hilo litakuchoma. Mimi lilinichoma, kwa sababu najua vibali vyako vilikuwa vimekwama, na siku ile ya mazishi nilikusikia ukilia kwenye simu, ukisema huna kwenu tena. Ndiyo maana lililofuata nakuandikia polepole.

Mama alianza kuongea. Maiki imezimwa, mimi nimeduwaa, mdomo wake unatembea na hakuna anayemsikia. Hakimu alikuwa ameanza kwenda mbele. Wakili Chepkorir akamkatiza: "Mheshimiwa, mteja wangu anaongea. Naomba tumngojee." Wakangoja, nyuso zote zile ndogo kwenye kioo, mpaka nikakipata kitufe. Mama akarudia maneno yake, kwa sauti ile ile ya kuitia kuku.

"Wanja hajaenda, Mheshimiwa. Hajarudi tu."

Hakimu akaahirisha kesi hadi Septemba ili nawe usikizwe.

Basi ndani ya bahasha utakuta karatasi mbili. Moja ni ya kukubali fungu lako, nyingine ni ya kuliacha. Wahome alitaka tukutumie hiyo ya pili peke yake. Wakili akakataa, akasema uamuzi ni wako na hakuna wa kukusukuma. Unaweza kutia sahihi mbele ya wakili wa huko, au mbele yake hapa.

Fungu lenyewe Mama ameshalichagua, upande wa mto, penye yale mawe tuliyoanikia nguo. Mwaka huu trekta limelima shamba lote isipokuwa hapo. Mahindi yamefika magotini kila upande, na hapo pako ni nyasi tu. Jioni Mama huenda kusimama pale, na nikimtembelea husimama naye. Nikifumba macho naiona nyumba yako, ina madirisha ya bluu, nawe uko mlangoni unatufokea tufute matope. Nikiyafumbua ni ukungu.

Mume wangu Kuria anakusalimu, na Ashley wetu, ambaye sasa ananipita urefu. Mama Jepchumba anasema maziwa yako ya mgando, ile mursik, yapo kibuyuni. Hata Wahome aliulizia mgongo wako juzi. Ni ndugu yetu, atapoa.

Mungu akufunike mchana na usiku, akupe usingizi mtamu baada ya zamu.

Kabla sijafunga bahasha, nina ombi moja. Ukichagua ile ya kukubali, itie sahihi huko huko uitume, nasi tutapiga vigelegele. Ukichagua ile ya kuacha hatutakupenda pungufu, lakini tafadhali usiitume. Nimemuuliza Wakili Chepkorir, naye amesema gambuti zake ziko garini. Njoo nayo mkononi, uitie sahihi ukiwa umesimama kwenye nyasi hizo, Mama akikutazama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Cate