Kura Tulizompa Sifa Zimemwingiza Mashaka

Whitehall, Columbus, Amerika

Baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya mlima? Na macho ya Mama, yule daktari aliyepita ameyaonaje? Sisi huku tuko wazima. Watoto wanakwenda shule, mume wangu Asukulu bado yuko kwenye lile ghala la kufunga mizigo, na mimi naendelea kulea wazee kule Gahanna. Theluji imeanguka wiki mbili mfululizo, lakini nyumba ina joto na chakula kipo. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu tangu maongezi yetu ya mwisho mara mbili nimekupigia simu na mara mbili umeniambia mtandao ni mbaya, kisha ukakata. Mchungaji wetu anasafiri kuja huko wiki hii, nimemwomba akupe barua hii mkononi. Karatasi haina mtandao.

Baba, nimekasirika. Sijawahi kukuandikia neno hilo tangu nizaliwe, na nimechana karatasi tatu kabla ya hii nikitafuta neno lililo dogo zaidi. Sikulipata.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Sifa aliponiambia atagombea udepite wa jimbo, mimi nilicheka kwa furaha. Mdogo wangu, mkunga wa kituo cha afya, akakae bungeni na wale waheshimiwa wenye matumbo. Nikasema nitafanya kazi yake kutoka huku. Niliwakusanya wamama wa kwetu walioko Columbus. Louisville nilimpa kazi hiyo Bahati, mtoto wa baba mdogo. Buffalo nilimpigia Mama Apolina, maana watu wa kule wanamsikiliza. Wote niliwaambia neno moja. Mabati yaliyoletwa kwa ajili ya wodi ya wazazi yako juu ya ghala la Mashaka, kila mtu anayaona yanang'aa, na Sifa anapokea watoto chini ya turubai. Pigeni simu nyumbani. Waambieni mama zenu na dada zenu wamchague Sifa, wasimchague Mashaka.

Lakini kabla sijamwambia mtu yeyote, Baba, nilikuuliza wewe kwanza. Nilikuuliza kwa sababu Sifa na Mashaka walikuwa kwenye chama kimoja na orodha moja, na jambo hilo lilinisumbua. Nikakuuliza kama hakuna mtego hapo. Ukanijibu hivi: "Kila mtu ana picha yake, kila mtu ana kura zake. Mwenye nyingi ndiye anayeingia."

Niliamini. Ningekosaje kuamini? Wewe umesimamia kituo cha kura mara mbili, na wewe ndiye uliyetufundisha hesabu darasani, mimi na nusu ya wanawake ninaokuambia habari zao. Niliwabebea maneno yako kama yalivyotoka kinywani mwako.

Matokeo yalitoka nikiwa kazini. Ilikuwa saa ya chakula, niko ndani ya gari na bakuli langu la maharage mapajani, ukaingia ujumbe wa sauti wa Sifa. Alizungumza polepole, kama anavyozungumza na jamaa wa mgonjwa. "Yaya, dada yangu, orodha yetu imepata kiti kimoja. Ni cha Mashaka."

Nilimpigia Bahati, kwa kuwa yeye hufuata mambo ya siasa ya huko kuliko hata ninyi mlioko. Akanieleza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alisema kura hazibaki kwa mtu. Kura za wote walio kwenye orodha moja zinamwagwa katika chungu kimoja, na viti vinagawanywa kwa kuangalia ukubwa wa vyungu. Orodha isiyofika kiwango inatupwa nje na watu wake wote. Chungu kikipata kiti, anapewa yule anayeongoza ndani ya chungu hicho. Mashaka kwa kura zake mwenyewe asingefika popote. Kura za Sifa ndizo zilizoijaza orodha mpaka ikapata kiti, kisha Mashaka, aliyekuwa amempita Sifa kwa kura chache sana, akakikalia.

Kwa hiyo kila mama aliyepiga simu kumzuia Mashaka alikuwa anamsukuma juu.

Nikamuuliza Bahati alimpitaje, maana mtu yule hapendwi. Alikuwa na karatasi za matokeo ya kila kituo kwenye simu yake. Akazisoma, kisha akasema, "Yaya Riziki, wale wa upande wa juu, watu wa ukoo wetu kabisa, wamempigia Mashaka. Karibu wote. Nani aliwaambia?"

Nilimjibu kwamba labda wamenunuliwa kwa chumvi na sabuni. Niliwatukana ndugu zangu, Baba.

Siku ya nne Sifa akanitumia picha. Alikuwa anatafuta kadi yake ya uchaguzi kwenye kabati lako, akakuta karatasi ya daftari. Sikuhitaji kuuliza ni mwandiko wa nani, namba saba zako zote zina kistari katikati. Ulikuwa umeandika vituo vyote vya kwetu, kimoja chini ya kingine, na pembeni ya kila kimoja umeweka jina: hapa Sifa, hapa Sifa, hapa M., upande wa juu wote M. Na chini kabisa umeandika, "Sifa atoshe, asimpite M."

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko mstari wowote wa Biblia mwaka huu. Atoshe, asimpite. Ulimpima mtoto wako kama mtu anavyopima maji ya ugali.

Nilipokupigia mara ile ya kwanza hukukana, na kwa hilo nakushukuru. Ulisema mwanamke peke yake kule angemezwa. Ulisema Mashaka anaijua milango ya wakubwa, na kwamba amekupa neno lake mabati yatarudi. Ulisema watu wa upande wa juu ulizungumza nao mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa faida ya ukoo mzima. Kisha ukasema mimi niko mbali na siyajui mambo ya huko.

Ni kweli niko mbali. Lakini Sifa hayuko mbali, Baba. Alikuwa anakula mezani kwako. Alikuwa anakwenda kijiji hadi kijiji kwa miguu akiomba kura, anarudi, anakusimulia watu walivyompokea, na wewe ulikuwa unamsikiliza huku ukifanya hesabu zako. Kama uliona atamezwa, ungemwambia asigombee. Angekutii, maana hajawahi kukukatalia kitu. Hukumwambia asigombee kwa sababu ulizihitaji kura zake. Na kuhusu neno la Mashaka, kama neno lake lina nguvu ya kurudisha mabati, mabati hayo yasingeondoka.

Sikiliza yaliyofuata. Mpwa wake Mashaka yuko Louisville. Akanipigia simu akiwa na furaha nyingi, akasema wanaandaa shukrani kwenye ukumbi wa kanisa lao, na wangependa niseme neno kwa niaba ya familia iliyoleta kiti. Familia iliyoleta kiti, ndivyo alivyotuita. Nikamwambia nitakuja.

Jumamosi tuliondoka asubuhi na wamama wawili wa hapa. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na wali, fufu, samaki, na picha kubwa ya Mashaka imebandikwa ukutani. Waliponipa kipaza sauti sikutoa salamu za shukrani. Niliwaeleza habari ya chungu kama Bahati alivyonieleza, na jinsi watu wa upande wa juu walivyompigia Mashaka, na nikasema kwamba mimi ndiye niliyewaomba wapige simu, na niliwapotosha bila kujua. Mpwa wake akainuka aninyang'anye kipaza sauti, lakini wanawake wakamwambia akae.

Mama Bora, yule aliyekuwa jirani yetu karibu na kisima, ndiye aliyesema kwanza. Hakupaza sauti. "Bon. Donc nilimsihi mama yangu mwenye magoti mabovu ateremke mlima mzima aende kumchagua Mashaka."

Nikasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Mwingine akauliza ni nani aliyewageuza watu wa upande wa juu. Ukumbi mzima ukanitazama. Bahati alikuwa mlangoni, na yeye alishajua, maana picha ile nilikuwa nimemwonyesha kwenye gari kabla ya kuingia.

Nikasema sijui.

Nilidanganya mbele ya watu mia na zaidi kwa ajili yako, Baba. Nilikaa chini, nikala wali wao, nikaendesha gari mpaka nyumbani.

Wiki iliyofuata, njia ilipofunguliwa baada ya theluji, nilikwenda Buffalo peke yangu. Mama Apolina sikuweza kumwambia kwa simu. Anaishi West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao iliyozeeka, ngazi zinalia ukipanda. Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Unamjua Mama Apolina, na unajua ni kwa nini alikuwa wa kwanza kunikubalia. Binti yake wa pekee alitokwa na damu mpaka akafa katika wodi ile, mvua ikimnyeshea kitandani, Sifa akilishikilia turubai kwa mkono mmoja na kumhudumia kwa mwingine. Mtoto naye hakupona. Ndiyo maana siku ya kura aliwapigia dada zake wawili, wale wazee wa kando ya mto, akawaambia wasikose. Walitoka jua halijachomoza. Walisimama kwenye foleni mpaka alasiri, wakarudi kwa miguu.

Safari hii sikudanganya. Nilimwonyesha karatasi yako. Hasomi vizuri, kwa hiyo nilimsomea, mpaka ule mstari wa mwisho. Aliendelea kuchambua maharage muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama baba yangu alijua habari za binti yake.

Nikamwambia unajua. Nikamwambia ni wewe uliyeongoza sala makaburini.

Hakulia, na hakunifukuza. Alinipikia chai. Nilipomwomba radhi kwa niaba yako alinikatiza. "Mimi asiniombe radhi. Mimi niko Amerika, nilipiga simu tu. Dada zangu walitembea. Aende kwao."

Sasa nasikia Mashaka anataka Sifa akae pembeni yake siku ya misa ya shukrani, amevaa kitambaa cha chama, na kwamba wewe umemsukuma akubali ili watu waone tuna amani. Sifa ameniambia amekataa, na kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kukukatalia. Na siku ya kupima watoto amesimama mbele ya wamama kituoni akawaeleza yote, nawe hakukuficha. Wawili walibeba watoto wao wakaondoka kabla ya kupimwa. Waliobaki waliendelea na foleni. Anasema kazi hataiacha.

Nimeona haya, Baba. Mdogo wangu amesema ukweli huko ambako lazima akutane na kila mtu kesho yake kisimani, na mimi huku, ng'ambo ya bahari, nilishindwa kuusema Louisville. Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilimwomba Bahati awakusanye tena wale wanawake, nikazungumza nao kwa simu. Nimewaambia ni wewe. Mama Bora aliniuliza kama nina hakika, kwa sababu wewe ulimfundisha kusoma. Nimesema nina hakika.

Sikuandikii ili nikuvunjie heshima. Wewe ni baba yangu, na ukiugua nitatuma dawa, na Mungu akinijalia nitakuja kukuona. Lakini siwezi kwenda kuomba radhi badala yako, na Sifa pia hawezi, tayari amefanya lililo lake. Dada zake Mama Apolina wanakaa pale pale kando ya mto, nyumba ya tatu baada ya daraja. Nenda, Baba. Usimtume mtu. Usiende na Mashaka, wala usiwabebee sukari. Kaa chini uwaambie ulivyozihesabu kura zao kabla hawajazipiga.

Msalimie Mama, mwambie sijamkasirikia, nadhani hakuambiwa lolote. Nisalimie shangazi Nyota anayemsaidia kuteka maji, na ndugu yetu Wilondja aliyebaki na mashamba. Msalimie pia babu mlinzi wa kanisa, kama bado anasikia. Sifa usimpe salamu zangu, tunaongea kila siku.

Asukulu anakusalimu. Wajukuu wako pia, kwa Kiingereza chao.

Mchungaji akishakukabidhi barua hii nitasubiri Jumapili mbili. Kisha nitapiga simu, lakini sitakupigia wewe. Nitampigia yule mkubwa wa dada zake Mama Apolina, nimjulie hali, na nimuulize tu kama kuna mgeni aliyefika.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza,

Riziki